Meli Yangu Ilikuwa Mnazi

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa mbele ya kioo chumbani kwangu, Mishomoroni, nikijifundisha neno moja la Kifilipino. Neno lenyewe ni "salamat". Nililipata kwenye simu, nikalirudia kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta kuniuliza kama naumwa.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, aibu yangu ni hii. Mimi Munga, ambaye mtaa mzima huniita Baharia, sijafanya kazi melini hata siku moja.

Miaka sita iliyopita wakala mmoja aliniahidi kazi ya meli. Mtaa ukanifanyia karamu ya kuniaga. Mama akalia, mchungaji akaniombea, watu wakala wali. Nilipofika mjini na begi langu, ofisi ya wakala ilikuwa imefungwa na pale mlangoni mtu anauza viatu vya mitumba.

Mwenye akili zake angerudi nyumbani akasema, jamani, nimetapeliwa. Mimi niliona haya, maana masufuria ya karamu yangu yalikuwa hayajaoshwa. Nikapanda gari la Kaloleni, nikajificha kwa shangazi yangu Nyamvula, na kwa miaka miwili nikawa mgema. Asubuhi napanda mnazi, jioni napanda mnazi. Hiyo ndiyo iliyokuwa meli yangu.

Kisha nikarudi Mishomoroni na miwani ya jua na hadithi. Nikasema nilikuwa kwenye meli ya Wafilipino, na kwamba nahodha wao alinipenda kama mwanawe. Watu wakanisifu. Nanyi mwajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Uongo huo ndio ulionipatia Dama, mwanamke ninayempenda mpaka najichukia. Baba yake alifariki Dama akiwa darasa la tano, akalelewa na baba yake mkubwa, Mzee Mwarandu. Mzee alikuwa amekubali wazee wangu waje Jumamosi inayofuata na kadzama, kile kibuyu cha tembo ambacho kwetu Wagiriama ndicho kinachofungua mazungumzo ya posa. Alikubali kwa sababu mkwe wake ni baharia.

Tena wiki iliyopita, mtakumbuka, nilimuahidi Kai, kaka yake Dama, kwamba nitamtafutia meli. Kai ni mlinzi wa geti kwenye hoteli moja ya Shanzu. Nilimuahidi kwa sababu alinipisha kiti na kuniita shemeji. Mimi nikiitwa shemeji, mdomo unakosa kufuli.

Basi Velma, rafiki yake Dama tangu shule, akagundua kwamba Shanzu kumefunguliwa mkahawa wa Kifilipino.

"Baharia atatupeleka," akasema. "Atuagizie kwa lugha yao."

Ningekataaje?

Jumapili saa saba mchana tukafika watu wanne: mimi, Dama, Velma na Barakat. Barakat ni rafiki yangu tangu utotoni. Anauza vipuri vya magari Kisauni, sala tano hazimpiti, wala hajawahi kumhubiria mtu.

Mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa ameketi bibi mmoja wa Kifilipino, mdogo wa umbo, nywele nyeupe zimefunikwa kwa mtandio. Mimi ndiye niliyetangulia. Akaninyoshea mkono wa kulia, kiganja kimetazama chini.

"Haya Baharia, watu wako hao," Velma akasema. Simu yake ilikuwa juu, anarekodi.

Nikafikiri haraka. Mtu ni mzee, kiti ni kifupi, mkono umenyoshwa. Nikaona anataka kuinuliwa. Nikaushika kwa mikono yangu miwili nikavuta.

Bibi akaja mzima mzima. Akasimama, akageuka kukitazama kiti chake, akanitazama mimi, akaketi tena.

"Salamat!" nikamwambia kwa sauti nzito.

"Ndivyo wanavyosalimiana?" Dama akaniuliza.

"Kwa wazee tu. Unamwinua kidogo. Ni heshima."

Dama ni mtoto wa adabu. Naye akamshika bibi mikono akamwinua. Velma akampa Dama simu, akamwinua kwa mara ya tatu. Zamu ya Barakat ilipofika, bibi alikuwa amekwisha kushikilia kiti kwa mikono yote miwili. Barakat akaweka mkono kifuani, akasema, "Shikamoo, bibi," akapita.

Mwenye mkahawa akatupokea. Alikuwa mama wa Kifilipino wa miaka arobaini na ushei, kofia kubwa ya mpishi imemfunika mpaka masikioni.

"Salamat!" nikamsalimia.

Akanitazama kidogo. "Karibuni, wangu. Mwaonaje, niwaeleze vyakula?"

Mwanamke alizungumza Kimvita kama aliyezaliwa mjini. Hapo Mungu alikuwa amenifungulia mlango. Ningesema tu, ndiyo mama, tueleze.

"Hakuna haja," nikasema. "Vyakula hivi nimekula miaka miwili."

"Aa," akasema mama, akaniachia menyu.

Dama akanigusa goti chini ya meza kwa fahari.

Menyu ilikuwa na majina matupu, bila picha. Nikapitisha kidole kama mtu anayechagua. Nikaagiza sinigang. Nikaagiza pancit. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, paliandikwa lechon. Nikasema kitu kikiandikwa kikubwa lazima kiwe kizuri, nikaagiza lechon ya watu wanne.

"Munga," Barakat akaniita. "Hiyo lechon ni nyama gani?"

"Ndama."

"Halali?"

"Halali kabisa."

"Haina nguruwe?"

Dama alikuwa ananitazama, na Velma alikuwa anarekodi.

"Wallahi haina," nikasema. Mimi, mtu wa kwaya, besi ya pili.

Barakat akanitazama kitambo. "Haya," akasema. "Madhali umeapa."

Chakula kilipokuja hakikuja kwa sahani. Walitandika majani ya mgomba meza nzima, wakamwaga wali mstari mrefu katikati, juu yake nyama, kamba, mboga na ile pancit, kumbe ni tambi. Supu ikawekwa pembeni kwenye bakuli. Tukaambiwa tunawe, tule kwa mkono.

"Kumbe hii ni sinia tu," Barakat akasema, amefurahi. "Sinia iliyokosa kingo."

"Supu ni ya ukwaju!" Dama akasema. "Munga, mbona hukuwahi kutuambia wana ukwaju?"

"Nilitaka mjionee wenyewe."

Nyama ile ilikuwa imebanikwa mpaka ngozi inalia mdomoni. Barakat akamega, akamega tena. Nilimwona anavyoifurahia, kiapo kikanirudia. Nimemuapia mtu juu ya kitu nisichokijua. Nikasema naenda haja, nikajifungia chooni, nikaliandika lile jina kwenye simu.

Jibu likaja upesi. Lechon: nguruwe mzima wa kubanikwa.

Nikalisoma mara nne. Halikubadilika.

Niwaambie ukweli, maana nisipousema hapa gazetini nitausemea wapi? Wazo langu la kwanza lilikuwa kunyamaza. Barakat hajui. Dama hajui. Jumamosi kadzama itafika, nitaoa, nitamzalia Mzee Mwarandu wajukuu, na siri itazikwa nami. Nilikaa pale juu ya choo nikalipima wazo hilo kama mtu anayepima suruali.

Kisha nikamkumbuka mama yangu. Mwaka jana alilazwa siku tisa, na ilikuwa Ramadhani. Mimi nilikuwa nashindwa kumwona akihangaika, natoka nje. Barakat alikuwa akija kila adhuhuri, naye amefunga, midomo imemkauka, akamlisha mama uji kijiko kwa kijiko na kumfuta kidevu. Mtu huyo ndiye aliye mezani sasa hivi, anakula nguruwe kwa kiapo changu.

Nilitoka chooni mbio, hata mkono sikunawa.

Barakat alikuwa na tonge hewani, na juu ya tonge kipande kinene cha ile nyama. Nikaupiga mkono wake. Tonge likaruka, likatua kwenye sketi ya Velma.

"Wewe!" Velma akapiga kelele.

"Usile! Barakat, usile! Ni nguruwe!"

Watalii wawili meza ya jirani wakaweka vijiko chini.

"Si umeapa?" Barakat akauliza, taratibu sana.

"Nimeapa uongo. Nisamehe, ndugu yangu. Sikijui hiki chakula. Sijui hata kimoja hapa, nimeagiza kwa ukubwa wa herufi."

"Lakini miaka miwili..." Dama akaanza.

"Hakuna miaka miwili." Yakishaanza kutoka hayazuiliki. "Sikupanda meli, Dama. Wakala alitoroka. Nilikuwa Kaloleni kwa shangazi Nyamvula, nagema mnazi. Nahodha hayupo. Dhoruba haikuwapo. Yule nyangumi niliyewasimulia, hata kwenye picha sijamwona vizuri."

Dama alikuwa na punje za wali kwenye vidole, akawa anaziondoa moja moja.

"Ni nani asemaye nguruwe?" Mama mwenye mkahawa alikuwa amesimama nyuma yangu, kijiko kikubwa mkononi.

"Lechon, mama. Nimesoma kwenye simu."

"Simu yako haikunipikia. Hapa hakuingii nguruwe, wala hatoingia. Hiyo ni mbuzi. Kwetu Mindanao sisi Waislamu twabanika mbuzi, jina tukaliacha lilo hilo. Mimi naitwa Raihana, mume wangu Mujahid, na mwaka huu ni wa kumi na nne nimeolewa Mombasa. Cheti cha halali kile pale."

Akaonyesha kwa kijiko. Cheti kilikuwa juu ya sinki la kunawia, kwenye fremu ya dhahabu, kikubwa kama kalenda. Nilikuwa nimepita chini yake mara mbili.

Nikaketi.

"Nilikuwa nimekiona," Barakat akasema.

"Umekiona nini?"

"Cheti. Nilikiona tulipoingia, kabla hujaagiza. Wadhani mimi naingia mkahawa nisioujua bila kutazama ukutani?"

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Nilitaka nione kama utaniapia."

"Na nikakuapia."

"Ukaniapia, yakhe, na iliniuma." Akachukua kipande kingine cha nyama, akakitazama, akakila. "Lakini umerudi mbio. Hilo sikulitarajia."

Halafu akasema jambo ambalo silisahau.

"Munga, mimi nilikuona Kaloleni. Mwaka ule wa kwanza. Nilipeleka gia ya lori, nikasimama kununua dafu. Nikanyanyua macho, nikakuona uko juu ya mnazi, kotama ya kugemea kiunoni. Nikajiambia, huyu ana sababu yake. Siku akitaka kunambia atanambia."

"Miaka yote hii ulijua? Na ulikaa ukinisikiliza?"

"Nilikusikiliza. Ile ya nyangumi tu ndiyo ilinishinda, nilitoka nje nikacheka mpaka Zubeida akaniletea maji." Zubeida ni mkewe. Kumbe naye alijua.

Nililia. Siandiki hivi ili mnihurumie. Nililia na mkono una mafuta ya mbuzi, nikajipangusa, mafuta yakaingia machoni, nikalia zaidi. Nilikuwa naona haya na nilikuwa nashukuru, na vyote viwili vilitoka kwa pua moja.

"Subirini," Velma akasema. Hasira yake ilikuwa imesimama mahali pengine kabisa. "Kwa hiyo yule bibi nimemwinua bure?"

Bi Raihana akacheka mpaka kofia ikapinda. "Yule ni mama yangu. Kwetu mdogo huuchukua mkono wa mkubwa, akainama, akauweka kwenye paji la uso wake. Ndiyo shikamoo yetu. Alitaka kukubariki, wewe ukamng'oa kitini! Na ulipoingia ukanambia salamat, yaani ahsante, kabla sijakupa hata maji. Mimi nikasema, baharia huyu, bahari yake i wapi?"

Wote wakacheka isipokuwa Dama. Nilicheka pia, kicheko cha mtu anayeomba msamaha. Nikamgeukia.

"Dama."

"Abee." Aliitika kama anavyomwitika mtu asiyemjua.

"Niliona haya. Nilisema, binti kama wewe atamtaka mgema?"

Akamaliza kuondoa punje. Akafuta vidole kwenye jani la mgomba.

"Unajua baba yangu alikuwa akifanya kazi gani?"

Sikujua. Miaka miwili ya uchumba, sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nazungumza mimi tu, nasimulia bahari.

"Alikuwa mgema," akasema. "Daftari zangu za shule zilinunuliwa na mnazi. Alianguka kutoka juu ya mnazi, ndivyo alivyokufa. Na wewe kazi hiyo umeificha kama ugonjwa mbaya."

Nikataka ardhi ipasuke. Haikupasuka, Shanzu ni mawe matupu.

"Ungeniambia siku ya kwanza, ningekuitikia siku ya kwanza," akaendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini, wala haikuwa na machozi. Ndiyo maana niliogopa. "Lakini mambo yangu na yako yaache kwanza. Kai umeshamwambia?"

"Kai? Nitamwambia kesho. Nitakwenda getini kwake mapema, kabla hajaingia kazini."

Velma akaacha kucheka. Akamtazama Dama, Dama akamtazama Velma.

"Geti gani?" Dama akasema. "Kai ameacha kazi leo asubuhi."

"Ameacha?"

"Amerudisha yunifomu. Ulimwambia meli ni mwezi huu. Na mahali pake wameshaweka mtu mwingine, walikuwa na foleni. Nilimwita aje hapa tule pamoja, nilitaka iwe furaha yako ya ghafla."

Nikahesabu watoto wa Kai kichwani. Watatu, na wa nne njiani.

Ndipo nikasikia kishindo cha begi likiwekwa chini pale mlangoni. Kai alikuwa amesimama, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe, viatu vinang'aa. Kwanza hakututazama sisi. Alikuwa amemwona bibi.

Bibi alipoona mgeni mwingine amekuja, akashikilia kiti.

Kai akapiga goti moja mbele yake. Akauchukua mkono wake wa kulia kwa upole, akainama, akauweka kwenye paji la uso wake, akatulia hapo kidogo.

Bibi akaachia kiti. Kwa mara ya kwanza tangu tufike, akatabasamu. Akamshika Kai shavu, akasema maneno marefu ambayo hakuna aliyeyaelewa ila Bi Raihana, ambaye alipeleka ncha ya leso yake machoni.

Kai akainuka, akatufuata, uso umemjaa nuru.

"Nimejifundisha kwenye simu," akasema. "Wiki nzima, usiku baada ya watoto kulala. Nilisema nisije nikamwaibisha shemeji mbele ya nahodha wake." Akanishika bega. "Baba mkubwa amenitangaza leo kanisani, watu wote wamesimama wameniombea. Na mke wangu anakusalimu sana. Haya, shemeji, meli yetu inatoka siku gani?"

Nikamtazama Barakat. Barakat alikuwa anatazama wali.

Dama akavuta kiti, akakiweka kati yake na mimi, akampa kaka yake akae.

"Mwambie," akasema.

"Aniambie nini?" Kai akauliza, huku akikunja mikono ya shati ili anawe.